Damu ya Baba Kibonge

Wodi ya Watoto,
4 Februari

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia kidogo na hujaanza tena kuinua lile jiwe la kunolea peke yako. Mimi mwili hauna neno, ila moyo uko juu juu. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, atakuachia pale kwenye dirisha la vifurushi. Kukupigia simu nimeona ni kazi bure, maana nakujua: ungeitikia "Ehe! Ehe!" na hujasikia hata neno.

Baba, mjukuu wako ni mgonjwa kweli. Si uchovu tu. Unakumbuka tulivyomsifu tukamwita Kibonge? Mashavu yale, mapaja yale, halafu mtulivu, analala mpaka unamsahau. Majirani wakaniambia nimepata bahati, wao watoto wanawatoa roho. Nami nikavimba kichwa. Akilala simwamshi, nafua zangu, nashona zangu, nasema huyu mtoto ana adabu zake. Kumbe hakuwa na nguvu ya kulia. Sukari mwilini ilikuwa inamwishia akiwa amelala, na sisi tunatembea kwa vidole tusimsumbue. Mpaka ile asubuhi alipokakamaa na macho yakageuka juu.

Nikueleze kama daktari alivyonieleza. Tumboni kuna kongosho, na ndani ya kongosho kuna chembe zinazotoa insulini, ile inayopunguza sukari kwenye damu. Kila chembe ina milango midogo sana. Sukari ikiwa chini, milango inakaa wazi na chembe inapumzika. Sukari ikipanda, milango inajifunga, ndipo insulini inamwagwa. Milango ya Kibonge amezaliwa nayo imekwama, imefungwa muda wote. Basi chembe zinadhani mtoto ameshiba kila saa, zinamwaga insulini bila breki, sukari inafagiliwa yote, na ubongo unabaki na njaa. Hilo ndilo linalonitisha. Si kufa tu, Baba. Anaweza kupona akabaki hajui hata kunitazama.

Sasa anaishi kwa dripu ya sukari. Visigino vyake vimejaa alama za sindano.

Halafu kuna baba yake. Daktari alimwuliza, mimi nikiwepo, kama kwao kuna watoto waliofariki wachanga. Akasema hajui. Kisha akasema anatoka kidogo kununua sabuni. Hiyo sabuni haijafika mpaka leo, na simu yake haipatikani. Ameingia mitini, Baba. Nimeona aibu kuliandika, ndiyo maana nimeliweka mwisho.

Niombee.

Binti yako


Nyumbani,
9 Februari

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba sana. Mgongo upo, unanikumbusha kila nikiinama kwamba si kijana. Masikio ndiyo yameshafunga biashara kabisa. Barua nimeisoma nimesimama palepale dirishani, watu wakinisukuma, na nikaenda kufunga kibanda. Mteja wa ufunguo nilimwambia aje kesho, akanung'unika, nikashukuru kwamba sisikii.

Kwanza, acha kujilaumu kwa kumwacha alale. Mimi ndiye niliyewafokea watoto wa jirani wacheze mbali, eti mjukuu wangu kalala. Tulimpenda kwa ujinga, wote wawili.

Pili, hiyo milango. Miaka yangu yote ni vitasa na makufuli, na kitasa kikikwama mimi natia mafuta nagonga kidogo. Lakini mtoto si kufuli, nisijifanye najua. Uliza tu kama hakuna dawa ya kuilegeza.

Tatu, huyo mumeo. Sabuni! Amekwenda kuichemsha mwenyewe? Mwanaume mzima, fundi rangi wa magari, mtu niliyemkaribisha kwangu nikampa kiti changu. Nikimtia mikononi! Basi, ninyamaze, kalamu imeanza kutoboa karatasi.

Nyumba imekuwa kubwa tangu mwondoke. Nakula nimesimama karibu na jiko, naona uvivu kuweka sahani mezani kwa ajili ya mtu mmoja.

Mbusu kisigino.

Baba yako


Wodi ya Watoto,
20 Februari

Baba,

Shikamoo. Unalala? Unakula ukiwa umekaa? Nijibu ukweli. Mimi nipo, nimekonda, lakini nipo.

Umeuliza kuhusu dawa. Ipo, na kazi yake ni hiyohiyo, kuifungua milango. Wamempa, wakaongeza, wakaongeza tena. Haikufanya kitu zaidi ya kumvimbisha uso na kumwotesha vinyweleo mgongoni. Daktari anasema milango yenyewe ina kasoro, dawa haina pa kushika.

Sasa limebaki la kisu. Nisome taratibu hapa, Baba, maana ndipo penyewe. Kuna watoto waliorithi kasoro hii kwa mama na kwa baba, wote wawili. Hao kongosho lote linaumwa, na mpasuaji anakata karibu lote. Mtoto anakua na kisukari, sindano maisha yake yote, na hata hivyo si lazima atulie. Na kuna waliorithi kwa baba peke yake. Hao mara nyingi ugonjwa unakaa mahali pamoja tu, sehemu ndogo. Wakiiona na kuitoa, mtoto anapona kabisa. Kabisa, Baba.

Ili kujua, wanataka damu ya mtoto, yangu, na ya baba yake, wazitume maabara pamoja. Mbili wanazo. Mpasuaji anasema hawezi kusubiri sana, sukari ya Kibonge inaporomoka hata akiwa na dripu. Wasipopata hiyo damu, watakata karibu lote.

Kwa hiyo mwanao amefika mahali anaomba ubovu uwe wa mume wake. Sijui kama kuna mke mwingine aliyewahi kuomba hivyo.

Saa ya kutazama wagonjwa ndiyo inayoniua. Wodi inajaa mashangazi, vikapu, vicheko. Mimi nageukia ukutani nakunja nepi ambazo nimeshazikunja. Mama wa kitanda cha dirishani, mwanawe ana ugonjwa huuhuu, hunisogezea kikombe cha chai. Huyo ndiye ndugu yangu hapa.

Mtafute, Baba. Si kwa ajili yangu. Mimi akitaka aniache, aniache. Nataka damu yake tu.

Binti yako


Njiani,
1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nakula nikiwa nimekaa, na sasa hivi nimekaa kweli, kwenye benchi la stendi, karatasi iko juu ya mkoba wa kazi. Ukiona mwandiko unacheza ni mkoba, si mimi.

Nimempata.

Bosi wake wa zamani aliniuma sikio, yaani aliniandikia kiganjani, kwamba yuko mji wa pili anapaka rangi mabasi, amepanga chumba nyuma ya gereji. Nikaenda. Jirani yake, dada mmoja msusi, akanionyesha mlango na kunifanyia ishara kwamba yumo ndani, hajaenda kazini. Nikagonga. Nikagonga tena kwa ngumi. Kama alijibu, alijibu ukuta, mimi sikupata kitu.

Kitasa chenyewe kilikuwa cha aibu. Ningekifungua kwa kipande cha waya huku nakunywa chai. Yule msusi akautazama mkoba wangu, akanitazama usoni, akafanya mkono hivi: si wewe fundi? Fungua basi! Lakini unanijua. Mlango wa mtu aliye ndani na hataki, mimi sifungui. Askari wamenibembeleza, wake za watu wamenililia, nimekataa. Na leo nilitamani kuliko siku zote, nisikufiche. Mikono iliwasha. Nikajiambia, nikimtoa humu kama mwizi, ataniponyoka stendi tu, na hapo tutakuwa tumemkosa moja kwa moja.

Nikageuza ndoo ya rangi, nikakaa. Nikaandika: "Ni mkweo. Sisikii, unajua. Andika." Nikapitisha chini ya mlango.

Karatasi ilirudi: "Rudi nyumbani, Mzee."

Nikaandika: "Nauli ninayo. Hamu sina."

 Yule msusi alishamaliza kichwa cha mtu mzima. Halafu ikaja karatasi imejaa pande zote mbili, na hii naitia humu uisome mwenyewe, ila ufupi wake ni huu. Mama yake alizika watoto watatu kabla yake. Wote wanene, wote wapole, hawalii. Wengine walisema degedege. Wengine walisema anawala mwenyewe, na mama mkwe wake akamkataza kugusa chungu cha nyumba. Mumeo amekua akiyasikia hayo. Daktari alipouliza, alijua papo hapo. Ameandika: "Kama ni kwetu, basi mimi nimemwua mwanangu kwa kumzaa. Sitaki kusimama pale wanitaje."

Hasira yangu yote, mwanangu, ile niliyokuja nayo kwenye basi, ilinitoka nikabaki natafuta kalamu. Nikamwandikia: "Omba iwe yako. Akiwa amepata kwako peke yako, anapona. Ukikaa humo, wanamkata."

Karatasi haikurudi. Nikakaa. Mlango ukafunguliwa.

Amekonda, ana rangi ya basi mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nimepanga kumtia kofi, mkono ulikuwa tayari kabisa. Nikamwambia achukue koti.

Basi lake linaondoka sasa hivi. Nauli imetosha mtu mmoja, kwa hiyo anakuja peke yake, na barua hii anaileta yeye mwenyewe. Kama unaisoma, amefika. Kama hakufika, huisomi, na mimi nimefanya upumbavu mkubwa kuliko wote wa maisha yangu.

Baba yako


Nyumbani,
27 Machi

Mwanangu,

Salamu za mtu asiyelala. Mimi mzima, ila nimekuwa kero kwa yule kijana wa dirisha la vifurushi, akiniona anajificha nyuma ya mizigo.

Alifika? Niandikie neno moja tu. Hata kama ni baya.

Kila nikishika tupa mkononi nauona ule mlango wake. Ningeweza kumshika shati nikampandisha basi nikakaa naye kiti kimoja, nikakopa nauli kwa yule msusi. Badala yake nikamwachia atembee mwenyewe na roho ya mtoto mfukoni. Kama hakufika, usiniambie kwa upole. Nitukane, nitaelewa.

Wanaopita kibandani wananiuliza habari za Kibonge. Nawaambia hajambo. Sijui kama nasema kweli.

Baba yako


Hospitali nyingine,
14 Aprili

Baba, Baba yangu,

Shikamoo nyingi, na unisamehe. Nilikuwa nikishika kalamu naogopa, naona nikiandika lolote kabla ya majibu nitajitia mkosi. Nimekutesa. Tuko wazima. Wote watatu.

Alifika. Alisimama mlangoni mwa wodi ameinua barua yako juu kama mtu anayeonyesha tiketi, akasema, "Nimetumwa na Mzee." Sikumsalimia. Muuguzi akamkalisha, akamtoa damu, naye akatazama pembeni. Barua yako niliisomea chooni, ndiko mtu anakoweza kulia bila kuulizwa.

Siku ya majibu daktari alituita pamoja. Akasema kasoro ni moja, imetoka kwa baba, kwa mama haipo. Mume wangu akajifunika uso. Mimi nikacheka, Baba. Nilicheka kwa sauti mpaka daktari akadhani nimechanganyikiwa. "Mama, umenielewa lakini?" Nikamwambia nimekuelewa, ni yake, ni yake peke yake. Nikamshika mume wangu bega nikamtikisa. "Ni yako! Ondoa mikono usoni, ni yako!"

Mama wa kitanda cha dirishani alipata majibu siku hiyohiyo. Yao ni ya wote wawili. Alinipongeza, Baba, alinikumbatia kabisa.  Chai iliendelea kuja mpaka tulipohamishwa, lakini hatukuweza tena kukaa pamoja kama zamani, na namkumbuka sana.

Huku walikotuleta wana mashine ya picha inayoonyesha sehemu mbovu. Ikaonekana, ndogo kama harage, mwishoni mwa kongosho. Wakaitoa hiyo tu.

Lakini kupasuliwa hakukuwa mwisho. Baadaye wanamwondolea dripu na kumnyima maziwa kwa makusudi, waone kama sukari itasimama yenyewe. Na mama haruhusiwi kukaa chumbani, maana mtoto atanusa maziwa. "Baba yake atamshika," muuguzi akasema, hana habari anasema nini. Nikamtazama mtu yule aliyetuacha. Naye akanitazama. Hakuninyooshea mikono, alisubiri.

Nikampa. Nikatoka, nikasimama kwenye korido karibu na kabati la mashuka.

Kibonge akaanza kulia. Kumbe mwanangu ana sauti! Alilia kwa hasira, kama mtu anayedai haki yake polisi. Maziwa yakanitoka yakanilowesha kifua chote. Alilia, alilia, na kila aliponyamaza kidogo nilisogea mlangoni, nikidhani amelegea tena kama mwanzo. Kisha nikamsikia baba yake ndani anambembeleza kinyume na watu wote: "Piga kelele, mwanangu. Piga kelele, usinyamaze." Alikuwa analia naye.

Muuguzi akatoka na kipimo mkononi. "Sukari imesimama. Njoo umnyonyeshe."

Nikampokea.  Baba yake sijamsamehe, nisikudanganye. Ila tulikaa kitanda kimoja tukimtazama akinyonya, mpaka akashiba akaachia mwenyewe.

Sasa lile gumu. Wiki ijayo tunaruhusiwa, na najua unatusubiri. Mume wangu ameomba twende kwanza kwa mama yake, na mimi nimekubali kabla ya kukuuliza. Mama yule hajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba hakuwala watoto wake. Tutakaa naye, sijui mpaka lini. Hana mwingine. Najua na wewe huna.

Binti yako


Nyumbani,
18 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, Mungu akulipe kwa barua ile. Niliisomea dirishani nikamkumbatia yule kijana wa vifurushi, masikini, akadhani namkaba. Tangu juzi mgongo hauumi, sijui umekwenda wapi.

Kuhusu ninyi kuja huku kwangu, wala msijali. Kazi zimenibana vibaya, kuna shule inataka vitasa vipya madarasa yote, hata mngekuja nisingepata nafasi ya kuwatazama. Nendeni tu.

Hapo juu nimeandika uongo. Siufuti kwa sababu karatasi ni hii moja. Hakuna shule wala vitasa. Nilishatandika kitanda, nikaweka na beseni jipya la kumwogeshea, nikamtangazia kila anayepita njia. Nilipofika pale uliposema mnakwenda kwake, roho iliniuma, mwanangu. Iliniuma sana. Nilikaa pale kitini mpaka chai ikapoa ikatoka utando.

Kisha nikamfikiria yule mama. Mimi nimesubiri mtoto arudi tangu Februari tu. Yeye alikaa kando ya watatu wasiolia, akisubiri waamke.

Mpelekeni, na kaeni kwa kadiri atakavyotaka. Ila nifanyie jambo moja. Mkikaribia nyumbani kwake, usimnyonyeshe Kibonge. Acha njaa imshike kidogo. Ingieni naye akiwa analia kwa sauti yake yote, umweke mikononi mwa bibi yake hivyohivyo, na usiharakishe kumchukua.

Baba yako